Bi Fundi Anajibu: Usiipulize Kaseti

Mwezi uliopita, nikijibu barua ya redio, niligusia kwamba hapa dukani kwangu Chake Chake bado ninayo mashine ya gemu ya kaseti aliyoinunua marehemu baba, na kwamba inawaka mpaka leo. Ilikuwa sentensi moja tu. Barua zilizoingia baada ya hapo sijapata kuziona tangu nianze safu hii, za Unguja na za Pemba. Basi mwezi huu wenye pasi na mafriji wanistahamilie. Tunazungumza gemu.

*

*Bi Fundi, shikamoo. Nina kaseti kumi na moja za gemu tangu niko skuli ya msingi. Nilizitia kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na karafuu ili mende wasizisogelee. Juzi nimezitoa nimuonyeshe mwanangu, zikawaka tatu tu, nazo mpaka nizipulize mara nne tano. Nyengine zinaleta rangi tupu kwenye kioo. Ndiyo zimekufa?*
*Baba wa Wawili, Wete*

Marahaba, mwanangu. Hazijafa. Miaka yote niliyokaa kwenye meza hii, kaseti iliyokufa kwelikweli nimeiona mara mbili. Zilizobaki zote zilikuwa chafu.

Chukua moja katika hizo zisizowaka, ielekeze mdomo juu na uende nayo dirishani. Utaona ukingo wa bodi umepangwa meno ya shaba kama ya kitana. Ikiwa ni kaseti ya mashine hizi tulizozizoea huku kwetu, ambazo ni mwigo wa Family Computer ya Nintendo iliyotoka Japani Julai 1983, basi meno ni 60, thelathini kila upande. Kila jino lina kazi yake: hili linapitisha umeme, lile linaleta picha, jengine linabeba maagizo ya mchezo. Likikosa kugusa moja tu, mashine inasoma maneno yasiyo na maana na wewe unaona rangi tupu.

Sasa tazama rangi ya hayo meno. Jino zima linang'aa. Ya kwako, sina shaka, yana ukungu wa kahawia, na pembezoni mna kijani kama kile cha sinia ya shaba iliyowekwa muda bila kusuguliwa. Hiyo ni kutu ya shaba. Sisi ni watu wa kisiwani, upepo wote unaoingia dirishani umepita baharini kwanza, umekuja na chumvi yake na unyevu wake, na shaba haivistahamilii.

Na pumzi yako nayo ni unyevu. Unapopuliza unaongeza maji juu ya kutu. Kinachokufanya uone kama kupuliza kunasaidia ni kwamba kila ukipuliza unaitoa kaseti na kuirudisha, na ule mkwaruzo wa kuitoa na kuirudisha ndio unaoparua uchafu kidogo mpaka meno yakagusana. Nintendo wenyewe waliwakataza wateja wao kupuliza. Najua ni vigumu kuacha. Mimi nimepuliza utoto wangu wote, na sijui nani alitufundisha, maana watoto wa Wete, wa Chake na wa Ng'ambo wote walipuliza namna moja.

Nenda duka la dawa, uliza spiriti ya kusafishia isiyotiwa rangi. Chupa iliyoandikwa asilimia 70 inafaa. Ukiipata ya 90 na zaidi ni bora, kwa sababu maji yake ni machache. Chovya kijiti cha pamba, kikamue kidogo, kisha sugua meno kutoka ndani kuja nje, si kwa ubavu, usije ukauhamisha uchafu wa jino hili kwenda jino lile. Pamba ya mwanzo itatoka nyeusi kama umefutia chungu. Itupe, chukua nyengine. Endelea mpaka pamba itoke kama ilivyoingia. Kijani kikikataa, kipitishie raba nyeupe ya penseli, mara mbili tatu, kwa mkono mwepesi, kisha rudia spiriti. Msasa usiusogeze kabisa! Kaseti nyingi juu ya shaba zimepakwa dhahabu nyembamba mno, na ukiikwangua hiyo umeiacha shaba tupu mbele ya upepo wa bahari. Iache kaseti nusu saa ikauke. Mdomo wa mashine nao usafishe vivyo hivyo, maana unaweza kusafisha kaseti kumi na moja ukazichomeka kwenye uchafu uleule.

Haya, karafuu. Mimi ni Mpemba, karafuu nimeichambua kabla sijajua kusoma, na nguo zangu za Iddi zinanukia karafuu mpaka kesho. Lakini karafuu ni mafuta, na mafuta hayo yanalainisha baadhi ya plastiki. Aliyewahi kutia mafuta ya karafuu kwenye kikombe cha plastiki chepesi anajua kilichompata kikombe. Pitisha kidole juu ya kaseti zako. Ukihisi kunata, au karatasi ya picha imeanza kuteleza kwenye gundi yake, ndiyo hayo mafuta. Zifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo kwa nje tu, uzikaushe. Kopo ulitumie, ni zuri, ila badala ya karafuu tia vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vinanyonya unyevu, na havina harufu wala mafuta. Mende usiwahofie sana kwenye kaseti. Mende anafuata joto, na nyumba anayoipenda ni mashine iliyoachwa kwenye umeme usiku kucha.

Ukishazisafisha usizifungie tena miaka ishirini. Mcheze. Kaseti inayochomekwa kila wiki meno yake yanajisugua yenyewe.

*

*Bi Fundi, nimenunua PlayStation 2, ile nene, katika vitu vya kontena vilivyotoka Japani. Muuzaji aliniapia kwamba ilikuwa nzima hukohuko. Nilipoichomeka ukutani ikalia "pa!" na harufu ya kuungua. Nimerudi kwake, hataki kusikia. Nimedhulumiwa?*
*Mwanafunzi wa chuo, Unguja*

Ukweli ni kwamba ilikuwa nzima hukohuko, kwenye umeme wa hukohuko. Nyumba za Japani zina volti 100. Ukutani kwako mna 230. Igeuze mashine, soma karatasi iliyobandikwa nyuma au chini. Ukiona imeandikwa 100V peke yake, basi umeilisha zaidi ya mara mbili ya chakula chake. Muuzaji wa vitu vya umeme alipaswa kukuonya kabla hajapokea pesa yako, na hapo nakubaliana nawe kwamba hakukutendea haki.

Kilichopasuka ni hiki. Umeme ukiingia kwenye mashine unageuzwa kwanza, na volti 230 za ukutani zikigeuzwa zinapanda mpaka kama 325. Zinamkuta kapasita mkubwa, kile kikopo cha kuwekea umeme, aliyekaa mlangoni, ambaye kwenye mashine za nchi za volti 100 aghalabu ameandikwa volti 200. Hana pa kuzitia. Anavimba kichwa, anapasuka, na fyuzi inakatika nyuma yake.

Habari njema ni kwamba kwenye hizi PlayStation 2 nene, bodi ya umeme iko mbali na bodi kubwa. Mara nyingi ya umeme inakufa ikiwa imeshaikinga ya pili. Kwa hiyo usiitupe wala usimuuzie mtu kwa bei ya maji. Mpelekee fundi anayejua kusoma alama za bodi, sio yule anayetia waya mahali pa fyuzi. Nakumbuka somo langu la kwanza lilikuwa hilo: baba aliletewa mashine ya gemu yenye unywele wa shaba uliokunjwa palipokuwa na fyuzi, bodi imeungua mpaka imekuwa kama mkate uliosahauliwa jikoni. Akaniweka mbele yake, akanishikisha, akaniambia huyu aliyefanya hivi hakutengeneza, amechoma nyumba ya mtu polepole.

Fundi wako anaweza kufanya moja katika mawili. Akutafutie bodi ya umeme ya volti 230 kutoka PlayStation 2 iliyokufa ya namba inayolingana na yako, au akurudishie hiyohiyo ya Japani uitumie pamoja na transfoma ya kushusha umeme mpaka 100. Mimi napendelea transfoma, kwa sababu mashine inabaki na viungo vyake vya asili, ila uiandikie kwa kalamu nzito kwenye plagi: 100V. Siku haupo nyumbani, mdogo wako ataichomeka ukutani. Vipuri visikupe wasiwasi. PlayStation 2 ilianza kuuzwa Machi 2000 na zimeuzwa zaidi ya milioni 150, hakuna mashine ya gemu iliyokufa na kuacha mizoga mingi yenye faida kama hii.

Wenye ile nyembamba nao wasome hapa: nyingi katika hizo zinalishwa na adapta ya nje ya volti 8.5. Hapo ukinunua ya Japani unabadilisha adapta tu.

Jambo moja zaidi ulijue kabla hujatumia pesa: mashine ya Japani inasoma diski halali za Japani. Za Ulaya inazikataa.

*

*PlayStation yangu ya kwanza kabisa inasoma diski nikiigeuza miguu juu tu. Kwa nini?*
*Msomaji, Makunduchi*

Kwenye mashine za mwanzo za aina hiyo jicho la kusomea linatembea juu ya reli na kitako cha plastiki, nalo lilikaa karibu na joto la bodi ya umeme. Plastiki ikalika, jicho likainama. Ukiigeuza, uzito unalirudisha mahali pake. Safisha kioo cha jicho kwa pamba kavu laini, paka reli grisi nyeupe kiasi cha punje ya mtama. Isipopona, badilisha jicho. Kuigeuza si dhambi, lakini usiwaachie watoto waizoee, diski zitakwaruzika.

*

*Assalaam aleikum Bi Fundi. Tumenunua TV flati ya inchi 43. Nimeunga mashine ya kaseti kwa zile waya za rangi, gemu zote zinacheza vizuri, lakini bunduki yake ya gemu ya kuwinda haiui hata bata mmoja. Nikiipeleka kwa mama mkwe, ana TV ya chogo, inaua wote. Mume wangu anasema nimeharibu bunduki. Mimi sijaigusa.*
*Mama wa Watatu, Jang'ombe*

Waaleikum salaam, mdogo wangu. Mwambie mume wako nimesema hujaharibu kitu. Barua yako nimeifurahia kuliko zote, maana hapa ndipo penye ufundi ambao mpaka leo ukinijia usiku nakaa nikautafakari.

Bunduki hiyo haipigi kitu. Inatazama. Ndani ya mdomo wake mna kioo kidogo, na nyuma ya kioo mna jicho dogo linaloona mwanga. Unapovuta kifyatulio, mashine inafanya jambo ambalo macho yetu yanalikosa kwa sababu ni la muda mfupi mno: inazima kioo chote cha TV kiwe cheusi, kisha mahali alipo bata inachora kisanduku cheupe. Halafu inaiuliza bunduki: je, umeona giza kisha mwanga? Ikiwa mdomo ulielekea kwa bata, jicho linasema nimeona. Ikiwa ulielekea kwenye majani, linasema sikuona, na mbwa anakuchekea. Bata wakiwa wawili, inachora kisanduku cha mmoja, kisha cha wa pili, ijue ni yupi. Huo mchezo, Duck Hunt, ulitoka 1984. Mashine yenyewe ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 2 tu, wala haikuweza kujua mkono wako umesimama wapi chumbani. Watu wakakaa wakafikiri, wakaigeuza TV yenyewe iwe ndiyo shabaha inayozungumza na bunduki.

Sasa kwa nini chogo? Ndani ya TV ya chogo mna mshale wa elektroni unaochora picha mstari kwa mstari, kutoka juu kuja chini. Kwenye mfumo wetu wa picha za TV, uitwao PAL, mistari ni 625, na mshale unaupitia uso wa kioo mara 50 kwa sekunde. Mashine ikisema "chora nyeupe hapa", nyeupe inatokea papo hapo. TV ya flati haifanyi hivyo. Inaipokea picha, inaiweka, inaikuza ienee kwenye inchi zako 43, inaipamba, ndipo inapoionyesha. Sehemu ndogo ya sekunde imeshapita. Mashine ilishauliza na ilishafunga mlango, na bunduki imejibu sikuona kitu. Juu ya hilo, bunduki imetengenezwa isikie mpigo wa mwanga wa chogo, ule wa kama mara elfu kumi na tano kwa sekunde, ili taa ya sebuleni isije ikahesabiwa kuwa ni bata. Flati haina mpigo huo hata kidogo.

Kwa hiyo dawa ni TV ya mama mkwe wako. Ukimsikia anataka kuitoa, iombe. Watu wanazitupa TV za chogo kama maganda ya muhogo, wakati ndizo zilizotuonyesha rangi sisi Wazanzibari miaka ya 1970, na wenzetu wa Bara wakasubiri mpaka 1994 ndipo wakaanza kuwa na stesheni zao. Hakuna tena kiwanda kikubwa cha kutegemea kwamba kitazirudisha. Iweke mahali pakavu, mbali na dirisha, usiiwekee spika kubwa ubavuni kwani sumaku yake inatia madoa ya rangi kwenye kioo, na iwashe japo mara mbili kwa mwezi.

Ila usiifungue. Wala mume wako. Nyuma ya kioo mna waya mnene mwekundu unaoingia kwenye kitu kama kikombe cha mpira. Unatoka kwenye flaibaki, yaani transfoma ya kupandishia umeme wa kioo, na unabeba zaidi ya volti elfu ishirini, na kioo chenyewe kinaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Marehemu baba alipofungua TV aliuweka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, kama mtu aliyeficha zawadi, akafanya kazi kwa wa kulia peke yake, ili umeme ukimshika usipate njia ya kupita kifuani. Nami nafanya hivyo hivyo mpaka leo, na kijana ninayemfundisha nimemfunga mkono kwa kanga wiki nzima ya mwanzo.

*

*Bi Fundi, mume wangu ana miaka 46. Chumba cha wageni kimejaa mashine za gemu mbovu, pedi, waya, hata sijui vinatoka wapi. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita kila Jumatatu. Nikiuza nitakuwa nimekosea?*
*Mke Aliyechoka, Kiembesamaki*

Utakuwa umekosea, dada yangu, nami nakuomba usiuze.

Mwaka 2023 taasisi moja ya Marekani inayohifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation, ilihesabu ikakuta kwamba katika michezo iliyotoka nchini humo kabla ya 2010, asilimia 87 haiuzwi tena na wenye haki zake. Sababu hazina siri: kampuni zilifungwa, mashine za kuichezea hazitengenezwi, nyaraka za haki zimepotea. Hiyo ni Marekani, ambako kuna makumbusho za kuihifadhi, ya Rochester huko New York kwa mfano, na Ujerumani wana yao Berlin iliyofunguliwa 1997. Kwetu makumbusho ya gemu ni vyumba vya wageni kama hicho chako. Akiingia mnunuzi wa chuma, anapima kilo. Anaivunja plastiki nje ya mlango wako, anachukua shaba, na kila kitu chengine kinabaki jaani.

Nikwambie kilichokuwa ndani ya mashine moja kama hizo. Dukani kwa baba, umeme wa Pemba ulikuwa wa majenereta, waya wa chini ya bahari kutoka Tanga haukufika mpaka 2010, na kukatika ilikuwa ada. Baba alikuwa na TV ndogo ya nyeusi na nyeupe inayokubali volti 12. Akaiunga kwenye betri ya gari, na mashine ya gemu akaiunga kwenye betri hiyohiyo. Ndani ya mashine mna kidubwasha cha miguu mitatu kinachoshusha umeme mpaka volti 5, na kwa kuwa kilikuwa kinashusha kutoka 12 badala ya 9, kilipata moto. Kazi yangu mimi, mtoto wa kike wa pekee pale dukani, ilikuwa kukaa ubavuni na kugusa kibati chake kwa kidole. Nikishindwa kuhesabu mpaka tano, nasema "basi", na mtaa mzima unapumzika robo saa. Siku za Iddi watoto walitoka Tibirinzi na pesa zao za sikukuu mkononi wakapanga foleni mpaka barabarani. Mlango ulikuwa na maandishi ya chaki ambayo baba hakuyafuta: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Ile ya kupata maisha 30 kwenye mchezo wa Contra. Nani aliileta Chake? Hakukuwa na intaneti. Ilivuka bahari kwa midomo ya watoto.

Ukishika mashine hiyo leo, pembeni mwa kile kibati plastiki imegeuka rangi kwa joto la miaka ile. Hicho huwezi kukipima kwa kilo.

Lakini chumba pia ni chako, na yeye asikufanye mgeni ndani yake. Mpe wiki mbili. Azitenganishe: zinazowaka, zinazotengenezeka, na zile za kuvunja vipuri. Za kuvunja azivunje kweli, atoe chipu, pedi na soketi, mabati ndiyo ayauze Jumatatu. Zilizobaki ziwe kwenye rafu moja, zisiguse sakafu wala ukuta wenye unyevu, pedi zisizungushiwe waya kwa kubana kwani zinakatika shingoni. Na usiku mmoja akuunganishie moja, akupe pedi ya kwanza, yeye achukue ya pili.

*

*Bi Fundi, shikamoo. Kaka yangu alifariki mwaka jana. Ameacha PlayStation 2 na memori kadi. Ndani mna ligi yake ya mpira: timu kaipa jina la mtaa wetu, na wachezaji wote kawapa majina yetu, mimi kaniweka golini. Tangu afariki haijawashwa. Naogopa nisije nikafuta. Nifanyeje?*
*Mdogo Wake, Mkoani*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Mwenyezi Mungu amghufirie kaka yako, amuweke pema.

Umefanya vyema kuogopa, na umefanya vyema kuandika. Kadi hiyo ni ya megabaiti 8. Haina betri ya kuisha, kumbukumbu imekaa kwenye chipu yenyewe na inaweza kukaa miaka mingi, ila si milele, na kitu kinachoiua haraka kuliko umri ni umeme kukatika wakati mashine inaandika juu yake. Basi usiichezee. Usiingize hata diski ya mpira "kuangalia tu", kwa sababu michezo mingi ya mpira inajihifadhi yenyewe baada ya mechi, na timu yake itaandikwa juu.

Tafuta kadi ya pili tupu, ya asili. Zile zinazoandikwa 64 au 128 kwa bei ya chipsi zinasahau, nimezishuhudia. Safisha meno ya kadi ya kaka yako kwa spiriti kama nilivyomweleza msomaji wa Wete. Iweke nafasi ya kwanza, tupu nafasi ya pili, mashine uiwashe bila diski. Itakuletea kioo chenye maneno mawili, chagua la Browser. Kadi mbili zitaonekana. Fungua ya kwanza, utaona mafaili yake kama vitu vidogo vinavyozunguka. Mpira wake utautambua. Ukiuchagua utaulizwa kunakili au kufuta. Maneno hayo mawili yamekaa jirani, kwa hiyo soma kwanza, ndipo ubonyeze. Kuna michezo michache iliyozuiwa kunakiliwa hivyo, ikikataa usilazimishe.

Na hili ulishike kuliko yote: mashine ikisema kadi haijaandaliwa na ikakuuliza iiandae, jibu hapana. Kuiandaa ni kuifuta. Zima, toa kadi, isafishe tena, jaribu upya. Mara nyingi ni uchafu tu.

Lakini ningeomba usiifanye peke yako. Njoo nayo Chake Jumamosi asubuhi, usimpe dereva wala mtu wa kukuletea, itie mfukoni mwako. Njoo na mashine yake na pedi yake. Nina stabilaiza, nina kadi ya asili niliyoiweka, na umeme ukikatika nina betri, sikubali kuanza mpaka betri imejaa. Tutanakili kwenye kadi ya pili, kisha nitaipitisha kwenye fleshi kwa USB niiweke kwenye kompyuta, nawe nikupe nakala yako. Ikishakuwa mahali patatu, ile ya kaka yako tutaitoa tuiweke kando. Ndipo tutatia diski na ile nakala, tuitazame timu ya mtaa wenu ikiingia uwanjani, na mimi nikuone ulivyosimama golini.